Alfabeti ya Fundi Rangi Mbili

Siku herufi zilipomtoroka, Fundi Rangi Mbili alikuwa juu ya ngazi akiandika bango la duka la dawa. Mstari wa kwanza alikwisha kuumaliza, na wa pili alikuwa ameufikisha HUDUMA USI, bado KU, brashi moja mkononi na nyingine ameiuma kwa meno. Akashuka, akarudi nyuma hatua kumi kutazama kazi yake, kama alivyofanya kwa miaka arobaini. Akatazama. Akafumba macho, akayafumbua. Kisha akamgeukia mfamasia aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Nani kabadilisha maandishi yangu?"

Mfamasia alidhani ni mzaha. Fundi huyu alikuwa mtu wa maneno. Hata hilo jina la Rangi Mbili alilipata kwa ubishi wake: hakukubali kuandika bango kwa zaidi ya rangi mbili, na mteja akitaka ya tatu alimwambia akatafute mpambaji keki.

"Hakuna aliyegusa, fundi. Ni yale yale."

"Yale yale gani? Haya ni maandishi ya wapi? Mbona hayasomeki?"

Mfamasia akaona jasho kwenye mdomo wa juu wa fundi. Akamletea kiti, akamkalisha kivulini, akampigia simu binti wa fundi.

Binti alikuwa kazini, kwenye studio ya picha za pasipoti. Kutwa nzima aliwaambia watu maneno yale yale, "Kidevu juu, usicheke, tazama hapa," mpaka wateja wakamwita Dada Kidevu, na mwenye studio naye akafuata. Aliipokea simu, akamaliza kumpiga picha mteja aliyekuwa kwenye kigoda, akamkaushia na kumkatia picha zake nne, kisha ndipo akachukua mkoba.

Hospitalini daktari alimpa baba yake karatasi na kalamu. "Mzee, niandikie chochote."

Baba akaandika, Nataka kurudi nyumbani, kwa mwandiko wake ule wa kunyooka kama uliopigiwa rula. Daktari akaichukua ile karatasi, akazungumza mambo mengine kidogo, kisha akamrudishia. "Haya, nisomee."

Baba akaigeuza huku na huku. "Sijui. Nani kaandika?"

"Wewe, mzee. Sasa hivi."

Baba akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Daktari akaeleza kwamba damu iliganda katika kijishipa kimoja nyuma ya ubongo. Macho yanaona, mkono unajua kuandika, ila njia ya kati imekatika. Upande wa kulia pia hataona vizuri, kwa hiyo wamwangalie kwenye milango. Mengine yote yapo. "Kusoma kunaweza kurudi kidogo," alisema, "au kusirudi. Sitaki kuwadanganya."

Dada Kidevu alisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa wa nchi asiyoishi. Si kwamba alikuwa mkatili. Alikuwa hivyo tangu miezi tisa nyuma, mama yake alipofariki katika hospitali hiyo hiyo, wodi ya ghorofa ya juu. Siku ile hakulia. Siku ya maziko hakulia. Siku ya nne alikuwa kazini akiwaambia watu wasicheke. Ndugu walinong'onezana kuwa ana roho ngumu, wengine wakasema anajikaza tu. Yeye mwenyewe alipoyasikia hayo alijichunguza aone kama anajikaza, akakuta hakuna anachokikaza. Ilikuwa ganzi, basi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mguu upo, unakubeba, ila ukiufinya hausemi kitu.

Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, mkunga mstaafu, akahamia kwao kwa muda ili mgonjwa asibaki peke yake mchana. Shangazi alikuwa kinyume cha Dada Kidevu kabisa. Aliweza kulia kwa tangazo la redio la mtu asiyemjua. Wiki ya kwanza tu alinunua chati ya watoto wa chekechea, ile yenye picha ya kila mnyama na herufi yake, akaitundika mbele ya kiti cha kaka yake.

"Haya. P ni ya nini?"

"Dada, niondolee hiki kitu."

"Si utazame kwanza?"

"Nimetazama. Naona punda, na pembeni yake naona mikwaruzo. Punda namjua tangu zamani."

Chati ikashuka. Brashi zake fundi akazitia kwenye kopo la maziwa, akalifunika kwa gunia, na kuanzia hapo alishinda uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameuelekea ukuta.

Jumamosi ya wiki ya tatu, Dada Kidevu alikuwa anaanika nguo. Ngazi ya kukunja ilikuwa imesimama imefunguliwa karibu na kamba, kwa sababu shangazi alitoka kufuta utando wa buibui darini. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Mara binti akaona kidole chake cha shahada kinatembea juu ya goti: kinapanda, kinashuka, kinakatiza katikati.

"A," baba akasema.

"Nini, Baba?"

"Hiyo ngazi. Imesimama kama A."

Binti akaliacha shati bichi begani. "Umejuaje?"

"Sijui nimejuaje. Nimeifuata kwa kidole, kidole kikaniambia."

Binti akaingia ndani, akarudi na karatasi aliyoandika A kubwa. Baba akaitazama, uso ukamjikunja. "Hiyo ni mikwaruzo tena."

"Ifuate kwa kidole."

Akaifuata polepole, kama mtu anayetafuta ufa kwenye sahani. Akafika mwisho, akarudia. Akaitazama ngazi. Akaitazama karatasi.

"Hebu nyamaza," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. Kisha: "A."

Shangazi, aliyekuwa dirishani, akaanza kulia papo hapo. Dada Kidevu akaenda kuchukua kamera kuukuu ya studio aliyoruhusiwa kukaa nayo, akaipiga picha ngazi. Jumatatu akaichapa kubwa, akaibandika kwenye kadi ngumu. Hakuwa na matumaini yoyote ya kusema. Aliona tu kwamba mikono imepata kazi, na yeye akaifuata mikono.

Baada ya hapo alikwenda na kurudi kazini macho yakiwa hayatulii. Nguzo ya umeme ilimpa T. Ndoano ya kutundikia nyama kwenye bucha ilimpa S, na muuza nyama akataka kujua anaipigia nini picha ndoano tupu wakati nyama ipo. Ndoo ikitazamwa kutoka juu ilikuwa O. Miwani ya shangazi ikisimamishwa wima ilikuwa B, ingawa ilibidi kuiegemeza kwenye sabuni. Kitana kilichokatika meno, yakabaki matatu, kilikuwa E. Mpini wa mwavuli ulikuwa J, na ngazi za nje za jengo la posta, zile za chuma, zilikuwa Z. Mapaa mawili ya majirani waliogombana, yanayogusana ilhali wenyewe hawasalimiani, yalikuwa M.

Jioni zote aliziweka kadi mezani, kila herufi nakala mbili mbili, na baba akazifuata kwa kidole. Sheria aliiweka baba mwenyewe: kwanza ataje kitu, kisha kidole kipite, kisha herufi. "Ndoano. Es." "Mwavuli. Je." Alipokosea alitukana kistaarabu, akawa anaomba radhi kwa dada yake.

"Ya X je?" shangazi akauliza siku moja. "Mbona hamna?"

"Kiswahili hakina X, dada. Mimi X nimeiandika kwa wiki moja tu maisha yangu yote. Nilipewa ndoo ya rangi nyekundu nikatie alama nyumba za kubomolewa."

"Ulikubali kazi hiyo?"

"Nilikubali. Ya tatu ilikuwa ya kwangu."

Wote watatu wakacheka, hata Dada Kidevu, ambaye aliusikia mcheko wake kama unatoka chumba cha pili.

V ilikuwa rahisi kuijua na ngumu kuifuata. Ilikuwa ni mkasi uliofunguliwa, na mkasi mzuri katika nyumba ile ulikuwa mmoja, wa mama, katika chumba alichoshonea. Mlango huo haukufungwa kwa ufunguo. Haukufunguliwa tu. Binti akaingia mchana, akavuta pazia. Cherehani ilikuwa na kitambaa cha mteja bado kiko chini ya mguu wa sindano, mshono umeishia katikati ya mkono wa blauzi. Mkasi ulikuwa mahali pake, kwenye droo ya kulia, pamoja na chaki na futikamba. Akaulaza juu ya meza, akaufungua, akasogeza pazia ili kivuli kiondoke. Akapiga tatu. Akaangalia kama zimetoka safi, zilikuwa safi. Akaurudisha mkasi, akafunga droo, na akiwa mlangoni akajiambia: hapa mtu mwingine angelia. Akasubiri kidogo, kwa heshima, kama anayempa nafasi mtu huyo mwingine. Hakuna kilichokuja. Akaenda kupika.

H aliipata hospitalini, siku alipompeleka baba kliniki. Alimwacha kwenye foleni na shangazi, akapanda ghorofa ya juu, kwa sababu alikumbuka kwamba kitanda cha chuma, ukikitazama kutoka miguuni, ni vyuma viwili vya wima na kimoja kimekatiza. Wodi ilikuwa nusu tupu. Kitanda cha dirishani kilikuwa hakina mtu. Akachuchumaa mahali alipowahi kusimama siku tatu mfululizo, akaanza kuirekebisha lenzi.

"Dada, huku hakupigwi picha," sauti ikasema. Alikuwa muuguzi, mwenye kalamu iliyochomekwa nywelani. Akamkazia macho. "Ngoja. Wewe si ndiye uliyekunja shuka?"

"Shuka gani?"

"Mama alipoondoka. Sisi tunatoka nje tunaitana, tunarudi, tunakuta umeshatandua kitanda, umekunja shuka zote nne, kona kwa kona. Miaka yangu yote sijaona mfiwa anakunja shuka za hospitali."

Hakulikumbuka hilo hata kidogo. Akalitafuta kichwani, akakuta peupe. "Nilizikunja vizuri?"

"Vizuri mno," muuguzi akasema, sauti imeshuka. "Haya, piga moja, harakaharaka. Kitanda tu."

Kufikia mwezi wa tatu wa ugonjwa kadi zilitimia. Baba alikuwa anasoma, kama huko kunaweza kuitwa kusoma. Neno CHUMVI kwenye kopo lilimchukua muda wa sufuria ya maji kuchemka. Gazeti aliliacha. Lakini alijua kwamba akitulia, akipitisha kidole na kadi ikiwa pembeni, mikwaruzo itakubali kuwa kitu, moja baada ya nyingine. Siku moja akaliondoa gunia juu ya kopo la brashi, akazinusa, akasema zimekufa mbili tu.

"Mama yako," akamwambia binti, "mpaka leo ana namba kama gari."

Ni kweli. Makaburini palikuwa na kijiti chenye namba iliyoandikwa na wafanyakazi wa pale. Baba aliahidi kibao tangu siku ya kwanza, akakataa fundi mwingine yeyote asiguse, akawa anasema anakitafakari. Kisha bango la duka la dawa likatokea.

"Nitakiandika mimi," akasema. "Kuandika sijasahau. Wewe utakuwa macho."

Shangazi akataka kumzuia, akakosa maneno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Wakanunua ubao, ukapakwa nyeupe mara tatu, ukakauka. Jumapili asubuhi baba akauegemeza ukutani uani, akapiga mistari kwa kamba na chaki, akaanza. Rangi mbili: nyeupe ya chini na nyeusi ya maandishi. Binti alikaa nyuma yake kwenye ndoo iliyopinduliwa. Brashi ilikwenda na mstari wa chaki. Juu likakaa jina la mama, majina yote matatu. Chini yake, MKE NA MAMA. Mstari wa mwisho, FUNDI CHEREHANI.

Ila haukuwa CHEREHANI. Alipofika katikati aliinua brashi kuichovya, akageuza shingo kidogo, na aliporudi aliendelea mbele ya pale alipoachia. CHERHANI. Binti aliiona E ikirukwa, kweupe, mbele ya macho yake, na hakufungua mdomo. Alijiuliza baadaye kwa nini. Labda alifikiri ataiona mwenyewe.

Baba akarudi nyuma hatua kumi. Akasimama, mikono kiunoni, akitazama asichoweza kukisoma. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo binti hakuuona tangu mama alipougua.

"Soma," akamwambia.

Akasoma jina. Akasoma, "Mke na mama." Akasoma, "Fundi cherehani."

"Yote sawa?"

"Yote sawa, Baba."

Baba akashusha pumzi, akaenda kuosha brashi.

Siku ile Dada Kidevu alipika, akaosha vyombo, akapiga pasi. Kila alipopita mlango wa nyuma aliuona ubao. Alijaribu hoja zote: rangi ni nyeusi, haifutiki kwa urahisi, watu hawasomi vibao vya makaburi kwa makini, mzee amefurahi, aachwe afurahi. Hoja zilikuwa nzuri. Lakini kulikuwa na kitu kinamsumbua chini ya kifua, kitu kidogo na kikavu kama kipande cha ganda la yai, na kwa kuwa alikuwa hajasumbuliwa na kitu kwa mwaka mzima, kilimshangaza kuliko kilivyomuuma.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akamkuta baba anakunywa chai.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Jana nilikudanganya."

Kikombe kikasimama hewani.

"Kwenye kibao kuna kosa. Niliona ukikosea nikanyamaza. Ukaniambia nisome, nikakusomea kinachotakiwa kuwepo, si kilichopo."

Baba akaweka kikombe chini. Hakuuliza kosa liko wapi. Akainuka, bega la kulia likagonga mwimo wa mlango kama kila siku, akachukua kadi zote kabatini, akatoka uani. Akaziweka chini ya ubao, akapiga magoti, akaanza. Kidole kwenye herufi, jicho kwenye kadi. Jina la mama akalimaliza. Mke na mama akaimaliza. Mvuke wa chai ukaisha ndani. Binti alichelewa kazini, akasimama tu. Baba akapanga kadi za mstari wa mwisho kwenye saruji kadiri alivyojua neno linavyotamkwa, akilitaja chini chini, kisha akazilinganisha na ubao moja moja, mpaka akabaki na kadi moja mkononi isiyo na pa kukaa.

"Kitana," akasema. "Kitana kimekosa nafasi."

"Ndiyo, Baba."

"Pale nilipochovya."

"Ndiyo."

Akageuka, na binti akaona kwamba hajawahi kukasirikiwa na baba yake kiasi hicho, hata utotoni.

"Mimi ni mgonjwa wa herufi," baba akasema. "Si mgonjwa wa akili. Nikikuuliza kilichopo, niambie kilichopo. Ukianza kunisomea vinavyotakiwa kuwepo, mimi nitajuaje niko wapi? Nitamshika nani?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi. Nikafurahia uongo mchana kutwa, kama mjinga. Mama yako angeona mshono mmoja umeruka angefumua nguo nzima, mteja yuko mlangoni."

Hapo ndipo kile kiganda cha yai kikageuka upande. Hakikumpa machozi. Kilimchoma, kwa udogo, jinsi mguu wenye ganzi unavyoanza kuchomachoma ukiunyoosha, na haikuwa hisia nzuri. Akakaa kwenye ndoo.

"Umechoka?" baba akauliza, sauti imelegea.

"Sijui. Sijisikii, Baba. Tangu mama. Sisikii kitu."

Baba akalitafakari hilo. Hakusema kwamba litapita. "Wewe husikii, mimi sisomi," akasema. "Basi niletee msasa."

Wakausugua mstari wa mwisho pamoja, yeye na binti, unga mweusi ukawajaa mikononi. Mwenye studio alipiga simu mara mbili. Mstari ulirudiwa Jumamosi, na safari hii binti alitaja kila herufi kabla brashi haijagusa ubao, na baba akaitikia kila moja.

Kibao kilisimikwa wiki iliyofuata. Shangazi alilia mpaka akakosa leso, akatumia kona ya kanga. Baba alikisoma kwa kidole, kibao kizima, akiwa amepiga magoti kwenye mchanga, na watu wawili waliokuja kwenye kaburi la jirani wakamsubiri amalize wamsalimie, kisha wakachoka wakaondoka. Dada Kidevu alishika ndoo ya saruji. Hakulia. Aliona kwamba kijiti chenye namba kilikuwa bado kimelala pale chini, akakiokota, akamwuliza baba kama wakitupe.

"Warudishie wenyewe," baba akasema. "Watakihitaji kwa mwingine."

Akakifuta mchanga kwa kiganja, akakipeleka ofisini kwao langoni. Mtu wa pale akakipokea, akakitia pamoja na vingine ndani ya ndoo, akamshukuru. Shangazi alikuwa amekwisha kutangulia njiani, akimsimulia mpita njia habari yote tangu mwanzo, na baba alikuwa anamfuata, akiuweka mkono wa kulia mbele ili asigonge chochote. Binti akakaza mwendo, akawafikia, akatembea upande huo wa kulia.